Joto Linakokwenda

Mume wangu watu wanamwita Baridi, na mimi kila siku nawaambia jina hilo wamempa bure. Mtu mwenyewe akilala anatoa joto la kuchemshia chai. Jina limetokana na kazi yake: ni fundi wa friji na viyoyozi, na karakana yake ni chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile ambacho kwa wenzangu ni sebule. Sebule yangu mimi imejaa kompresa mbovu, mabomba ya shaba yaliyoviringwa na friji za watu zisizo na milango. Mgeni akija anakaa juu ya kreti. Mimi ndiye ninayepokea simu na wateja, na mimi ndiye ninayewaambia wale wa "nitaipitia kesho" kwamba kesho yao ilishapita zamani.

Kabla hamjaniuliza mbona namsema mume wangu hadharani, nawaambieni mapema: namsema kwa sababu mwenyewe hasemi. Baridi ni mtu wa kumeza. Jambo likimkera anakwenda kusafisha spana. Nikiona spana zinametameta najua kuna neno limemkaa kooni, na mwaka ule wa joto zilimetameta mpaka nikaingiwa na hofu.

Alilelewa na mama yake mdogo, kwa maana mama yake mzazi alifariki Baridi akiwa bado ananyonya. Mama huyo mdogo ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Pindo. Gauni likipita mikononi mwake, tafuta uzi wa pindo mpaka uchoke. Anaukunja mwisho wake kwa ndani, anaukunja tena, anaufichia humo humo. Hakuolewa, hakuzaa, na ukimuuliza kwa nini, atakujibu kwamba alikuwa na kazi nyingi. Baridi anamwita mama, mimi namwita mama, watoto wetu wanamwita bibi. Ukimwekea hiyo "mdogo" mbele yake unamtafuta ubaya. Baridi alipotaka kusomea ufundi, Mama Pindo aliiuza cherehani yake ya umeme akabaki na ya miguu. Mpaka leo anakanyaga hiyo ya miguu, na magoti yake yanamsema.

Anapanga chumba kimoja katika nyumba ndefu yenye wapangaji wengi. Mlango wa chumba unafungukia ukumbini, na dirisha, ambalo ni moja tu, linatazama kichochoro cha nyuma. Ng'ambo ya kichochoro ni ukuta wa jengo la maofisi. Ni kichochoro chembamba, watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, na juu mabati ya huku na ya kule yamekaribia kugusana. Tumemwomba miaka yote aje kukaa kwetu. Anasema yeye si mzigo wa kuhamishwahamishwa, na wateja wake wameshauzoea mlango ule.

Sasa njooni kwenye mwaka wenyewe. Joto lilifika mapema na likakataa kuondoka. Siwezi kulisema vibaya sana joto, maana ndilo linalotulisha. Likizidi simu inalia, isipolia tunatazamana. Lakini joto la miaka yote lilikuwa na adabu zake. Mchana linakuunguza, usiku linakuachia upumue. Hili la mwaka ule liliingia na usiku. Ukuta ukiugusa alfajiri bado una moto, shuka linanata mwilini, unaoga, na hujafika chumbani umeshalowa upya.

Katikati ya joto hilo, chuo alichosomea Baridi kikawaita mafundi wote wa friji wa mjini kwenye semina. Alikwenda kwa ajili ya chakula cha mchana, hilo alilisema mwenyewe wala halikumtia haya. Akarudi jioni hajala.

"Wamekupikia nini cha kukutisha?" nikamuuliza.

Akakaa kwenye kreti ya wageni. Akaniambia mwalimu wa semina alisimama mbele yao akauliza swali moja: nani humu, akihamisha kiyoyozi, anaiachia gesi iende hewani? Ukumbi mzima ukacheka. Nami ningecheka, maana naijua kazi hii. Ukitaka kuhamisha kiyoyozi kwa haki, unafunga valvu moja, unaiacha kompresa ivute gesi yote irudi kwenye mashine ya nje, ndipo unafunga na ya pili. Ni kazi ya dakika chache tu. Njia ya mkato ni kulegeza nati, gesi inafanya psss mpaka inakwisha, unaendelea na shughuli zako. Gesi mpya atailipia mteja. Kila fundi ninayemfahamu anafanya psss. Kijana mpya akijaribu ile njia ndefu, wenzake wanamuuliza kama anafanya kazi au anaswali.

"Mwalimu akangoja tumalize kucheka," Baridi akasema. "Kisha akatuambia kilo moja ya gesi ile, ikishaingia hewani, inashika joto kama karibu kilo elfu mbili za hewa ya ukaa, ile inayotoka kwenye magari na majenereta. Kilo moja, mama watoto. Mimi nimeachia ngapi tangu nianze kazi?"

Sikujua, naye hakujua. Nikamwekea chakula, akakisogeza pembeni, akaanza kunieleza. Sijawahi kumsikia mume wangu akisema maneno mengi kiasi kile kwa mpigo mmoja, hata siku ya kuja kunichumbia alimwachia mjomba wake. Akasema mchana ardhi inapokea joto la jua, usiku inalirudisha angani, na ndivyo inavyopoa. Hewa ya ukaa, gesi zake yeye na nyingine za aina hiyo zinalishika joto lile njiani na kulirudisha chini. Zikizidi, usiku haupoi unavyotakiwa. Huo ndio usiku uliokuwa unatugaragaza kitandani.

"Na mvua?" nikamuuliza, kwa kuwa mwaka wa nyuma yake mvua ilibeba daraja letu na duka la nyama zima zima. "Mvua nayo inatokana na joto?"

"Ndiyo hiyo hiyo habari. Hewa ikipata joto inaweza kubeba maji mengi zaidi. Joto likipanda digrii moja, ni karibu asilimia saba ya maji zaidi. Bahari yenyewe imepata joto, inatoa mvuke kwa wingi, hewa inaubeba. Ikija kuumwaga, inaumwaga kwa mkupuo, mifereji inashindwa. Isipoumwaga, tunabaki nao hapa chini, na jasho halikauki. Na kule kwenye ukame, hewa hiyo hiyo yenye kiu inanyonya hata unyevu uliobaki ardhini."

"Lakini joto si lilikuwepo tangu enzi za babu zetu?"

"Lilikuwepo. Siku kali zilikuwepo, lakini mtu alikuwa anaziona mara moja, anazisimulia mpaka anakufa. Sasa lile joto la kawaida limepanda kidogo tu, ukilitazama unasema si kitu. Basi hicho kidogo kinatosha kuzifanya siku za kusimuliwa zije kila baada ya miaka michache, na zikija zina ukali zaidi ya zile za zamani."

Mimi sipendi kumwona mtu mzima ananyong'onyea mbele ya ugali unaopoa. Nikamwambia, "Kwa hiyo dunia nzima umeiharibu wewe na spana yako. Wenye viwanda, wenye meli, wenye ndege, wote walikuwa wamesimama pembeni wanakushangaa. Baba watoto, jishushe cheo."

Hakucheka. Akainuka akaenda kusafisha spana.

Tangu siku hiyo ikawa wimbo. Kinyozi akimnyoa anaambiwa habari za gesi. Muuza duka anaambiwa. Mteja kaleta friji yake itengenezwe anaelezwa jinsi Baridi alivyoshiriki kuipasha dunia joto, mpaka mmoja akaniuliza pembeni kama mzee yuko sawa. Nami nikajidanganya kwamba nimemwelewa. Nikasema mume wangu ana moyo mkubwa, dunia inamuuma, na nilipokuwa namsimanga kwa mdomo, moyoni nilikuwa namwonea fahari kidogo. Lakini mtu wa kumeza akianza kusema na kila mpita njia, mke mwenye akili angeuliza ni kitu gani anachokifunika kwa maneno hayo. Sikuuliza.

Asubuhi moja simu ikalia, nikaipokea nikijua ni mteja. Alikuwa yule dada msusi anayepanga chumba kinachofuata cha Mama Pindo. Aliniambia amegonga mlango aombe sindano, hakujibiwa, akausukuma. Amemkuta mama kitandani, ngozi inawaka, midomo imekauka, anaongea na watu waliokufa zamani. Nikamwambia amwagie maji, asiache kummwagia, tunakuja. Baridi alitoka bila viatu, ikabidi nimkimbilie navyo barabarani.

Hospitalini walimlaza, wakamtundikia dripu, wakamfunika mataulo yaliyolowa. Daktari alikuwa binti mdogo mwenye sauti ya upole, nami nilimpenda kwa kuwa hakutuficha. Akasema mwili wa mtu unajipoza kwa jasho, na jasho linapoza pale tu linapokauka. Hewa ikiwa imeshiba maji, jasho linachuruzika bure, joto linabaki ndani, na moyo unahangaika kusukuma damu mpaka unachoka. Kijana akibanwa mchana anapumzika usiku. Mzee akibanwa mchana na usiku, siku zikifuatana, hana pa kupumzikia.

"Analala wapi?" akauliza. "Chumba kinaingiza hewa?"

Nikamtazama Baridi ajibu, yule ni mama yake. Baridi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Safari hii tumemuwahi," daktari akasema. "Lakini akirudi kulala kwenye joto lile lile, mara ya pili siwezi kuwaahidi kitu. Moyo wake hautaweza."

Nikamwacha Baridi kwenye benchi, nikaenda chumbani kwa mama kumchukulia nguo. Nimeingia chumba kile mara nyingi, naujua kila uzi uliopo, lakini siku hiyo nilihisi nimeingia jikoni kwa mtu anayeoka mikate. Dirisha lilikuwa limefungwa, na pazia juu yake. Dada msusi akasimama mlangoni akaniambia mama halifungui siku hizi, tangu zije zile mashine. Nikamuuliza mashine zipi. Akaniambia fungua uone.

Nikafungua. Upepo wa moto ukanipiga usoni hata nikarudi nyuma. Kwenye ukuta wa maofisi, karibu kiasi cha kunyoosha mkono ukaugusa, zilikuwa zimepangwa mashine za nje za viyoyozi, safu nzima, feni zote zimetazama dirisha la mama, zote zinapuliza. Chini mabati ya kibanda cha choo, juu mabati ya mapaa. Joto linatoka, linagonga, linarudi. Palepale nikaanza kuzungumza na Mungu kuhusu fundi aliyefanya ukatili huo, na nilikuwa na maneno ya kutosha.

Kisha nikaona mabomba. Mafundi wote wanayafunga mabomba kwa ule utepe mweupe, wakimaliza wanaukata, mwisho unabaki unapepea. Haya hayakuwa na mwisho unaopepea. Utepe ulikuwa umekunjwa kwa ndani, ukakunjwa tena, ukafichwa humo humo. Mjini hapa kuna mtu mmoja tu anayemaliza kazi namna ile, na najua alijifunzia kwa nani.

Nilirudi hospitali kwa miguu ili hasira ipungue. Haikupungua. Nikakaa naye kwenye benchi, nikaweka mfuko wa nguo katikati yetu.

"Ulizifunga wewe," nikasema.

"Mimi."

"Lini?"

"Kabla joto halijaanza. Ile kazi ya maofisi niliyokuambia iko upande wa sokoni."

Sokoni. Alinidanganya hata mtaa. Akaanza kunieleza, kichwa chini. Meneja wa pale hakutaka mashine zikae mbele, zingelichafua bango lake. Juu ya paa kulikuwa kunawezekana, ila mabomba yangekuwa marefu na kazi ingechukua siku nyingi, naye Baridi alikuwa na kazi nyingine inayomsubiri. Meneja akamuuliza, nyuma kuna nini?

"Ukamjibuje?"

"Nikamwambia, nyuma hakuna mtu."

Jamani, mimi si mtu wa kupigana, lakini siku ile nilishika mfuko wa nguo kwa nguvu ili mikono iwe na kazi. Nikamuuliza kama alisahau mama anaishi wapi. Akasema hakusahau. Alijiambia joto hupanda juu, litapita kwenye mabati liende zake. Alijiambia mama mchana yuko kwenye cherehani anaangalia nguo, haangalii dirisha. Alijiambia ofisi zinafunga jioni. Kumbe kuna chumba cha mitambo ya kompyuta kisichozimwa hata sikukuu. Fundi yeyote akisema "nje" anaona kama amesema "baharini". Ndivyo walivyofundishwa, kazi yao ni ndani, na ndani ndiko kuna mteja.

"Kumbe ndiyo maana ulikuwa unalia na anga," nikamwambia. Nilimpa vidonge vyake vyote pale pale kwenye benchi, na muuguzi aliyekuwa anapita akapunguza mwendo. Nikamwambia kosa la dunia ni tamu kulibeba kwa sababu unaligawana na watu wote, fungu lako linakuwa dogo, na hakuna atakayekuja kugonga mlango akuulize. La kichochoroni huna wa kugawana naye. Ndiyo maana yule kinyozi anajua habari za gesi, na mimi mkeo sijui habari za ukuta ule.

Ningefurahi angejitetea.

Mama alipopata nafuu tulimleta kwetu. Baridi aliitoa karakana yote uani, akafagia, akapiga deki, akaweka kitanda; nikapata sebule yangu baada ya miaka yote hiyo, na sikuwa na hamu nayo. Kabla mama hajamaliza hata kikombe cha uji, Baridi akaingia na kiyoyozi kipya kwenye boksi, kile alichokuwa amekiweka kwa ajili ya mteja mkubwa. Akapima ukuta, akatia alama kwa chaki, akachukua drili. Mama alikuwa amekaa kitandani, mto mgongoni, anamtazama anavyofanya kazi, kama alivyomtazama tangu utoto wake.

"Hiyo inafanyaje?" akamuuliza.

"Inachukua joto la humu ndani, mama, inalitoa."

"Inaliua?"

"Haliuliki. Linahama tu. Na mashine yenyewe inaongeza la kwake kidogo."

"Linahamia wapi?"

"Nje."

Mama akanywa uji, akameza. "Nje kwa nani?" akauliza.

Aliuliza kwa sauti ile ile anayomuulizia mteja kama mkono wa gauni uwe mrefu au mfupi. Upande wa pili wa ukuta ule ni dirisha la jirani yetu, mwanamke aliyejifungua juzijuzi, na mtoto wake tulikuwa tunamsikia akilia. Baridi alibaki ameinua drili, kisha akaishusha. Nilitamani aseme pale pale. Badala yake akaanza kuviringa waya wa drili.

"Nipeni feni, na kitambaa kibichi nijipanguse," mama akasema. "Kinanitosha. Na Jumamosi narudi kwangu, nina gauni la bibi harusi halijakatwa."

Tulimsihi. Tulimweleza maneno ya daktari, nikamtisha, nikambembeleza. Alitusikiliza kwa heshima zote, kisha akarudia kwamba Jumamosi anarudi kwake. Mama Pindo akishakata kauli, bora uzungumze na kompresa. Nikamtoa Baridi uani, nikamwambia asikie vizuri: huyu mama Jumamosi atalala chini ya zile mashine, na daktari ameshatuambia nini kitatokea. Kwa hiyo ama mashine ziondoke, au tuanze kutafuta sanda.

Kesho yake tukaenda kwa meneja. Nilikwenda naye ili asije akameza tena. Ofisini mle kulikuwa na baridi hata yule dada wa mapokezi alikuwa amevaa sweta na kujifunga kanga magotini, wakati barabarani mbwa walikuwa wamelala ndani ya mitaro. Meneja alimpokea Baridi kwa furaha, akamsifia, viyoyozi havijamsumbua hata siku moja. Baridi akasema amekuja kuomba azihamishe mashine za nyuma azipeleke juu ya paa.

"Kwani zina kasoro?"

"Hazina. Zinapuliza kwenye dirisha la mtu."

"Fundi, si wewe uliniambia nyuma hakuna mtu?"

"Nilikudanganya," Baridi akasema. "Kuna mama yangu."

Meneja alimtazama, akanitazama mimi, akamtazama tena. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi, nilikuwa nimeshachagua na maneno ya kufungulia. Yule bwana akavua miwani akaiweka mezani.

"Ungeniambia siku ile tungeziweka juu," akasema. "Mimi nilikuuliza wewe kwa sababu mimi sijui huko nyuma kuna nini. Ningekataaje?"

Nilimwona Baridi anavyolipokea hilo. Angetukanwa angepata nafuu, maana njia nzima alikuwa anajiambia kwamba meneja angemnyang'anya kazi. Kumbe ilikuwa ni neno moja tu la kusema, na hakulisema kwa sababu njia ya paani ilikuwa ndefu na yeye ana haraka. Meneja akaruhusu, kazi ifanyike Jumamosi ofisi zikiwa zimefungwa, gharama ya mabomba ya nyongeza iwe juu ya fundi, na zile za chumba cha kompyuta zihamishwe moja moja ili mitambo isife.

Jumamosi tulifika kichochoroni jua halijachanganya. Niliishika ngazi mimi mwenyewe, maana sikutaka mtu mwingine aione kazi hiyo. Kila mashine aliifanyia ile njia ndefu: anafunga valvu, anaiacha kompresa ivute gesi, anatazama geji mpaka inashuka, anafunga ya pili, ndipo anafungua nati. Sikusikia psss hata moja. Fundi mwenzake mmoja alipita mdomoni mwa kichochoro, akasimama akacheka, akauliza kama leo kuna mtihani. Baridi hakugeuka.

Tulizipandisha juu moja moja kwa kamba. Kila iliyoondoka, kichochoro kilipata nafuu kidogo. Kidogo, sisemi sana; joto la mwaka ule lilikuwa linatoka juu pia, kwenye mabati na kwenye hewa yenyewe, na hilo Baridi hakuwa na spana yake. Daktari alisema hata nafuu kidogo ya usiku inaweza kuwa ndiyo inayomvusha mzee mpaka asubuhi. Hicho kidogo ndicho tulichokuwa tunakitafuta.

Alikuwa kwenye mashine ya mwisho, ile iliyo mkabala kabisa na chumba cha mama, niliposikia komeo. Binti yetu alikuwa ameshamleta bibi yake, mapema kuliko tulivyopatana. Dirisha likafunguka, na Mama Pindo akatokeza kichwa, shingoni ana utepe wake wa kupimia. Yeye na Baridi wakawa wanatazamana, mmoja dirishani, mwingine ngazini, hata mkono usiponyooshwa wangegusana.

"Umekula?" akamuuliza.

"Mama," Baridi akasema, "hizi nilizifunga mimi."

"Najua. Pindo lile nani asilijue?"

Baridi akashikilia ngazi.

"Na siku ile nilikuona," mama akaendelea. "Nilisikia drili, nikaja kuchungulia, nikakuona uko hapo hapo ulipo sasa, chaki sikioni. Basi nikafunga dirisha."

"Ulifunga kwa nini, mama?" Hilo niliuliza mimi. Nilikuwa nimekasirika, hata yeye nilimkasirikia. "Si ungemwita tu?"

"Ningemwita angeona haya. Angeshuka, angeiacha kazi ya watu katikati, na nyinyi mna watoto. Nikasema nifunge tu, afanye kazi yake bila kuniona." Akamtazama Baridi kwa huruma, kama mtoto aliyeanguka. "Hukujua, baba. Usijitese. Hukujua kama nipo."

Angeweza kuishia pale. Mwenye haki ya kumsamehe alikuwa ameshamsamehe, na mimi nisingejua zaidi ya hapo mpaka naingia kaburini. Nilimwona akimeza mara moja, mate yakashuka, nikadhani neno nalo limeshuka.

"Nililiona dirisha likifungwa, mama," akasema. "Niliuona mkono wako. Nikashukuru, nikaendelea kutoboa."